Mto Chini ya Kichwa cha Fundi

Katika karakana ile ya makochi kulikuwa na kila kitu isipokuwa hewa. Madirisha yalifungwa asubuhi, yakabaki hivyo mpaka jioni. Mwenye karakana ndiye aliyetaka. Alisema vumbi la barabarani linanasa kwenye vanishi na kuharibu kazi. Watu wote walimwita Bosi, hata mdogo wake, aliyebandika sponji kwa gundi, na mke wa mdogo wake, aliyeshona vitambaa kwa cherehani. Mke huyo aliitwa Mama Pacha, kwa sababu alikuwa na mapacha.

"Shemeji, harufu ya gundi inatuumiza vichwa," Mama Pacha alimwambia mara nyingi. "Tufungue dirisha hata moja."

"Na vumbi je? Mteja akirudisha kochi, nitamwambia nini?"

"Na mume wangu akianguka humu, wanawe nitawaambia nini?"

Bosi alicheka tu. "Shemeji, una mdomo wewe."

Mdomo alikuwa nao kweli. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Siku moja ya joto kali, mume wa Mama Pacha aliinama ndani ya fremu ya kochi kubwa, akipaka gundi. Akasema kichwa kinamzunguka. Kabla hajanyooka, miguu ilimlegea, akaanguka chali.

Mama Pacha na mchonga miguu ya makochi walimburuta hadi barazani. Hapo kila mtu akawa daktari. Katika karakana ile, mtu akiugua hupewa mto, maana mito ndiyo waliyokuwa nayo. Bosi alileta mto mpya, mnene. Akauweka chini ya kichwa cha mdogo wake. Akaongeza wa pili juu yake. Kidevu cha mgonjwa kikagusa kifua, na mara akaanza kukoroma.

"Mnasikia? Anakoroma," alisema Bosi. "Amelala huyo. Uchovu tu. Mwacheni apumzike."

Mchonga miguu naye alikuja na kikombe cha maji, tayari kummiminia mdomoni.

Mama Pacha alimjua mumewe. Miaka yote waliyolala kitanda kimoja, hakuwahi kukoroma hivyo. Sauti ilikuwa inakatika, kisha inarudi kwa shida. Midomo ilianza kupauka. Akampigia simu wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa mhudumu katika gari la wagonjwa, akamweleza yaliyotokea.

"Tunakuja," alisema wifi. "Usikate; weka simu sakafuni, kwa sauti kubwa. Kuna mtu anayempa kitu mdomoni?"

"Mchonga miguu, ana kikombe cha maji."

"Amwage. Asimpe chochote mdomoni. Kichwa chake kimelalia nini?"

"Mito miwili."

"Iondoe yote."

"Kichwa kitamuuma kwenye saruji," Bosi aliingilia.

"Kaka, nakuheshimu, lakini hiyo mito ndiyo inayomkaba. Toa."

Mama Pacha hakumngoja. Aliivuta mito yote miwili na kuitupa uani.

"Sasa, wifi, weka kiganja kwenye paji lake la uso. Vidole viwili vya mkono mwingine viweke chini ya mfupa wa kidevu, siyo kwenye nyama laini ya koo. Inamisha kichwa nyuma taratibu, huku ukiinua kidevu."

Mama Pacha akafanya hivyo. Mkoromo ukakoma. Akashtuka, akadhani mumewe amekata roho.

"Tazama kifua," alisema wifi. "Sogeza shavu lako karibu na pua yake. Unaona nini? Unasikia nini?"

"Kifua kinapanda. Nahisi pumzi yake shavuni."

"Basi njia imefunguka. Mgeuze ubavu, kichwa kibaki kimeinama nyuma kidogo, mdomo uelekee chini. Akitapika, matapishi yatoke nje. Usimwache, endelea kuangalia pumzi."

Gari lilifika. Mgonjwa aliwekewa hewa ya oksijeni, akapelekwa hospitali. Siku chache baadaye alirudi nyumbani, akiwatania wanawe kwamba walikaribia kumrithi brashi ya gundi na nyundo.

Wifi alikuja karakanani, akawaketisha wote.

"Mtu akizimia, misuli hulegea," alisema. "Ulimi nao ni msuli. Akilala chali, unarudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Ukimwekea mto, shingo inakunjwa, njia inazidi kubanwa. Mkoromo ule ni hewa inayopita kwa shida. Tena kooni kuna kifuniko kidogo kinachozuia chakula na maji visiingie mapafuni. Mtu aliyezimia hawezi kumeza, na kifuniko hicho hakifungi vizuri. Ukimmiminia maji, unaweza kuyapeleka mapafuni."

"Na asipopumua kabisa?" aliuliza mchonga miguu.

"Mwenzako apige simu ya msaada. Wewe mbonyeze katikati ya kifua, kwa nguvu na kwa haraka, bila kusimama. Ukichoka, mwingine apokee."

Bosi alishusha pumzi. "Mungu ametuhurumia."

"Mungu alitupa hewa bure, shemeji," alisema Mama Pacha. "Wewe ndiye uliyeifungia nje."

Jioni ile Bosi aling'oa madirisha mwenyewe na kuweka wavu mahali pake. Kazi ya vanishi akaihamishia chini ya turubai safi, mbali na barabara. Tangu hapo hakuna aliyeumwa kichwa. Na mteja mmoja alipozimia getini, mchonga miguu alimwinamisha kichwa nyuma na kumgeuza ubavu, mteja akapona.

Bosi akawa anasimulia kwa majivuno. "Hapa kwangu wote tumejifunza," alimwambia kila mteja.

Siku moja Mama Pacha alisimamisha cherehani.

"Tumejifunza, ndiyo," alisema. "Lakini mume wangu si ubao wa kufundishia. Nilikwambia akiwa mzima, shemeji. Ungesikia wakati ule."