Hereni Zilizoingia Kwenye Tindikali

— Tilek! Shaba yetu iko wapi?

— Imemwagika.

— Imemwagika vipi? Nimegeuka tu kuchukua kitambaa!

— Kiwiko, Meerim. Kiwiko kimegonga.

Meerim akatazama sinki. Ule uji wa buluu alioubembeleza kwa moto tangu asubuhi, uliokuwa umeanza kugeuka mweusi kama masizi, ulikuwa unajizamia tunduni bila haraka. Angeweza kulia. Angeweza pia kumkaba mtu.

Katika maabara ile ya chuo, katika mji wa milimani wa Naryn, Mwalimu Turgun alikuwa na sheria isiyo na huruma: unapewa waya wa shaba, unauyeyusha kwa tindikali, unaugeuza buluu, unaugeuza mweusi, na huendi nyumbani mpaka urudishe shaba ile ile kiganjani mwake. Wenzao walisharudisha wakaondoka. Wao jaribio la kwanza lilifurika, la pili likaungua, na hili sasa limenywewa na sinki.

Na leo ndiyo siku mama yake Tilek anakuja kumvisha Meerim hereni za uchumba.

Simu ikalia. Shangazi Kalipa.

— Wewe mtoto! Kondoo ameiva mpaka amesahau kama aliwahi kutembea! Wageni wanafika saa tisa, uko wapi?

— Maabara, shangazi. Shaba imekataa.

— Imekataa nini? Mimi niliolewa bila kuiomba shaba ruhusa! Njoo hapa!

Akakata. Tilek akakohoa kikohozi cha mtu asiye na mafua.

— Meerim, labda tuahirishe.

— Jaribio?

— Hereni. Mwambie shangazi kazi za chuo zimekubana. Watakuelewa.

— Nimwambie mimi? Kwa nini si wewe?

— Ikitoka kwangu itaonekana vibaya.

Simu ya Tilek ikatetemeka mezani. Akaigeuza kifudifudi upesi, kama mtu anayefunika panya. Meerim akaipokonya.

— Nani huyu? Sema jina lake nimjue!

Lakini ujumbe ulikuwa wa Mama Sabira, mama mkwe mtarajiwa: "Mwanangu, sonara ameshazing'arisha hereni? Niko njiani, zilete moja kwa moja kwa wakwe."

— Huyu ni mama yako. Unamficha mama yako?

Macho ya Tilek yalimsaliti. Yaliruka mpaka dirishani, yakarudi. Meerim akayafuata. Nyuma ya pazia kulikuwa na bika la kioo lililofunikwa kwa kisahani, na ndani yake maji ya buluu, buluu ya mrututu.

— Kumbe! Shaba yetu hii hapa! Umeificha, halafu unasingizia kiwiko!

Akachota unga wa zinki, tayari kuumwaga humo aikomboe shaba yake.

— Usitie! Hizo ni hereni zako!

Mkono ukaganda hewani.

— Nini zangu?

— Hereni. Za fedha, za bibi, mama yake mama. Zilikuwa zimeingia weusi. Niliambiwa nizipeleke kwa sonara, nikaona, mimi nasoma kemia, sonara wa nini? Nikazitia kwenye tindikali kidogo tu. Nikatoka kununua sambusa. Niliporudi...

— Ulipopotelea kwenye sambusa, fedha yote ikayeyuka.

— Na shaba iliyochanganywa humo ndiyo hiyo buluu.

— Na yale marijani mekundu ya hereni?

— Marijani ndiyo yaliyotangulia. Yalitoa mapovu kama soda.

Meerim akacheka mara moja, kicheko kibaya, kisha kikakatika.

— Kwa hiyo kufurika, kuungua, na hicho kiwiko...

— Nilitaka tuchelewe. Mwalimu asituachie. Lawama ingekuwa ya shaba.

— Lawama ingekuwa yangu! Ungeniacha nipigiwe kelele na ukoo mzima, wewe umejificha nyuma ya kazi zangu za chuo? Hereni zimeyeyuka, sawa. Wewe je, ni imara kweli?

— Nilimwogopa mama.

— Mwogope nani unayetaka. Leo niogope mimi.

Akaongeza maji ndani ya bika, akachukua waya wa shaba uliobaki, akauzungusha kama springi na kuutumbukiza. Wakangoja shaba iisukume fedha itoke majini. Kwanza waya ukaingia ukungu wa kijivu. Kisha ukaota manyoya. Fedha ikachipua, ikang'aa, ikakua sharubu, mpaka wanaosimulia wanaapa bika zima liligeuka mzee wa milimani. Ilikuwa kazi ya kwanza ya siku ile iliyokubali.

Walipokwisha kuichuja na kuiosha, Mwalimu Turgun aliinusa ile fedha kwa macho.

— Niliwapa shaba. Mnaniletea fedha?

— Ni habari ndefu, mwalimu.

— Basi sitaki kuisikia. Binti nusu ya alama. Kijana sifuri. Nendeni.

Nje, Tilek akaunyoosha mkono. Meerim akaukwepa, akamkabidhi kikopo chenye ile fedha.

— Unampa mama yako wewe mwenyewe, mbele ya watu wangu. Na unasema yote, pamoja na kiwiko. Ukiruka hata neno moja, hereni nazikataa mimi.

Nyumbani kwa kina Meerim kitambaa cha chakula kilijaa mikate na nyama. Tilek alipiga magoti, akaweka kikopo mbele ya mama yake, akasema. Alisema yote, na sambusa humo humo. Alipofika kwenye kiwiko alimtazama Meerim, akaendelea.

— Huo ni unga wa nini? Majivu? — Shangazi Kalipa akang'aka. — Kondoo wetu amekufa kwa ajili ya majivu?

Mama Sabira alichovya kidole kikoponi, akasugua, ikang'aa. Machozi yakamlengalenga.

— Hii ndiyo iliyokuwa masikioni mwa mama yangu. Meerim, mwanangu, nani ameirudisha?

— Mimi, mama.

— Na huyu punguani bado unamtaka?

Chumba kizima kikamgeukia. Meerim alichukua birika, akaanza kumimina chai: Mama Sabira kidogo, chini ya nusu, kama apewavyo mgeni ambaye hutaki aondoke. Shangazi kidogo. Alipofika kwa Tilek, akamimina, akamimina, mpaka chai ikafika ukingoni.

— Weee! — Shangazi akashika kichwa. — Umemjazia? Hicho si kikombe cha kumfukuzia mtu?

— Ndiyo. Anywe aondoke. Aende kwa sonara na hicho kikopo, akausimamie moto mwenyewe, asitoke kununua sambusa. Akirudi na hereni, nitammiminia kidogo kidogo mpaka anywee hapa uzee wake.

Mama Sabira akafunga kikopo kwa leso yake, akamsukumia mwanawe.

— Umesikia. Kunywa.

Tilek alikunywa yote kwa mkupuo, akaungua ulimi, akatoka mbio na viatu vya mtu mwingine.