Kitanda cha Kuazima Mwili

Kiazimamwili kilinguruma taratibu, na Daktari Elinami Msangi akaacha kuwa Elinami. Vidole vyake vilirefuka. Tumbo lake likafura, likawa zito, na ndani yake mtu mdogo akajigeuza.

Mtambo huo ulikuwa fahari ya Mji wa Ngazi Saba: vitanda viwili, na kati yake utando mwembamba wa nuru. Ukilala kwenye kimoja, unaota siku moja ya maisha ya mtu mwingine. Daktari aliyelalamikiwa kwa ubaguzi alipelekwa pale, na asiyeifikisha ndoto mwisho hakurudishiwa wodi yake. Elinami, ambaye kuzalisha akina mama ndiyo yaliyokuwa maisha yake, alikwenda amenuna.

"Mimi mbaguzi? Jamani! Mimi nahudumia kila mtu," alimwambia fundi mitambo, Bwana Kyaruzi.

"Lala tu, daktari. Wote husema hivyo."

Basi akalala, na sasa alikuwa mwanamke aitwaye Naipanoi, mfugaji kutoka mbugani, kwenye wodi iliyoelea katika mwanga wa maziwa. Uchungu ukaja. Elinami alitaka kupiga ukelele, lakini kinywa kilikataa. Katika boma alilokulia Naipanoi, mzazi aling'ata kamba ya ngozi akanyamaza. Kulia kulimwaibisha mama yake.

Juu ya kitanda, kipimauchungu kikawaka kijani: huyu hana neno. Kifaa hicho kilifundishwa kwa kumbukumbu za madaktari, na madaktari kwa miaka thelathini walikuwa wameandika kwamba watu wa mbugani hawaumwi sana. Mashine ikawaamini. Ingefanyaje?

Daktari mmoja akapita, akaitazama ile taa. "Hawa wamezoea, huzaa vichakani. Anzeni na yule anayelia."

Elinami alishtuka. Sauti ilikuwa ya mwanamume asiyemjua, ila maneno yalikuwa yake mwenyewe. Aliyasema wiki iliyopita, akicheka, huku akivaa glavu. Aibu ikamchoma mwili mzima, akaupasua utando kwa mikono miwili, akaamka.

Kwenye kitanda cha pili, ambacho Elinami hakukitazama alipoingia, alilala mama wa makamo, amejifunika shuka jekundu. Jasho lilimtiririka, midomo kaibana, kimya.

"Huyu nani?"

"Ndiye mwenye mwili," alisema Kyaruzi. "Ndoto haihifadhiki mtamboni. Lazima itoke kichwani mwake ikiwa mbichi. Kila daktari akiota, naye anaumwa upya. Wewe ni wa arobaini. Na hukufika mwisho, kwa hiyo utarudia."

"Sirudii! Wodi ichukueni. Simtesi tena mama wa watu!"

Naipanoi akafumbua macho. "Umekatishia wapi, daktari?"

"Shikamoo, mama. Pale... pale daktari alipopita."

"Marahaba. Wengi hukimbia hapo hapo. Wakishajiona wabaya, wanaondoka na aibu zao."

"Nisamehe, mama."

"Lala."

"Lakini utaumia!"

"Naumia, ndiyo. Nani kakwambia siumii?" Alijifuta jasho kwa pindo la shuka. "Mwanangu alichelewa kutoka. Alifumbua macho, akaniangalia kidogo, akakata roho, basi. Sikupewa hata picha. Miaka kumi na tisa sasa, sura yake imenifutika. Humu ndani tu ndimo ninamoweza kuiona, tena tukifika mwisho. Na ninyi hamfiki."

Kyaruzi aligeukia vifungo vya mtambo, akauwasha upya. Elinami akajilaza tena.

Safari hii aliipita taa ya kijani. Aliipita sauti ya yule daktari, kamba ya ngozi ikiwa katikati ya meno, na saa zikapita polepole, moja ikiyeyukia ndani ya nyingine, hakuna aliyekuja. Mwishowe mikono ya mtu ikamwekea kifuani kitu kidogo chenye joto. Kilikuwa na nywele nyingi zilizolowa na kidevu chenye kishimo.

Mtoto akafumbua macho. Elinami alijikaza asipepese, maana hakuwa akitazama peke yake.