Foleni ya Maharage

Haya yalimpata shangazi yangu, Verna Stroud, mwaka 1926, na mimi nilikuwepo. Jumanne ile theluji ilikuwa ikiyeyuka mitaani Calder's Fork, Ohio, na sinema ya Bwana Haskett ilikuwa imepokea picha mpya ya vichekesho: wajinga wawili wanapigana vita Ufaransa bila kujua adui ni yupi. Mimi niliendesha mashine ya kuonyesha picha. Shangazi alipiga piano, maana picha za siku hizo hazikuwa na sauti.

Mwanawe, Lowell, alikuwa amepotea katika vita hivyo hivyo, miaka minane nyuma. Ofisi moja ya jeshi ilimwandikia shangazi barua tatu. Ya kwanza ilisema amekufa. Ya pili ikaomba radhi, hajafa rasmi. Ya tatu ilileta fomu ya kuthibitisha kutoweka, itiwe saini na aliyetoweka mwenyewe.

Katikati ya picha, mpiga tarumbeta anawaita askari wakale maharage. Hapo shangazi alitakiwa kupiga wimbo wowote wa kuchekesha. Yeye akapiga mwito halisi wa jeshi, ule ambao Lowell, kila alipokuja likizo, aliupiga kwa mluzi jikoni akisikia njaa. Askari wa zamani ukumbini wakacheka, wakagonga viti.

Lakini kwenye pazia la sinema, nyuma kabisa ndani ya handaki, askari mmoja wa pichani hakucheka. Aligeuza kichwa, akatazama piano.

"Umemwona?" shangazi aliniuliza baadaye.

"Ni vibarua tu wa kuigiza wale, Shangazi. Picha imepigwa California mwaka jana."

"Usinifundishe sura ya mwanangu, Clyde."

Niliuinua utepe wa picha kwenye mwanga wa dirisha, nikahesabu. Askari kumi na mmoja. Kwenye pazia walikuwa kumi na wawili.

Jumatano askari yule alisogea mbele. Alhamisi pia. Ijumaa kulikuwa na wengine nyuma yake, wengi, hata wajinga wetu wawili hawakuonekana vizuri. Watu walicheka bado, lakini kwa kuchelewa.

"Piga dansi ya polka, Verna," Haskett alilalamika. "Huo mwito unaniharibia kicheko."

Mzee Pruitt, aliyeacha mguu Ufaransa, aliinama karibu na piano. "Mama Stroud," alinong'ona, "huo hauiti mtu mmoja. Unaita kikosi kizima."

"Basi nitapika chakula kingi."

Jumamosi mchana, onyesho la mwisho, aliupiga wote. Mara mbili.

Pazia likawa jeupe. Mashine ilizunguka. Utepe ulipita. Hapakuwa na mtu kwenye picha.

Piano ikanyamaza.

Nilipowasha taa, nyayo za matope mabichi zilitoka chini ya pazia, zikapita kwenye piano, zikaenda hadi mlangoni. Watazamaji walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya kichekesho.

Kesho yake, baada ya ibada, nilikwenda kwake. Sufuria tupu. Gunia la maharage tupu. Matope hadi kwenye zulia la sebuleni. Shangazi alishika upawa.

"Lowell amekuja?"

"Yuko mwisho wa foleni. Naona kofia tu." Alichungulia dirishani. "Niletee maharage, Clyde. Hawa hawashibi, na yeye hatangulii wenzake."

Nilichungulia pia. Niliona barabara tupu.

Alipika hadi Mei, akafa amesimama mbele ya jiko. Wapangaji waliofuata waliilalamikia halmashauri ya mji kwamba kila adhuhuri sahani zao safi hukutwa na matope. Halmashauri ilikaa vikao viwili kuamua kama matope ni suala la afya au la barabara, kisha ikatuma mkaguzi. Nakala ya ripoti yake ninayo. Ameandika kwamba nyumba ni safi na haina kasoro. Chini, kwa penseli, anaomba radhi kwa kuchelewa kurudi ofisini: alilazimika kusubiri foleni ipungue mlangoni.