Viti Viwili vya Kwenda Lodwar

Saa moja asubuhi. Chumba cha nyuma, hoteli ya Hoodo, Kakuma.

Marial alichora kwa mkaa mistari miwili juu ya katoni. Mmoja umepinda, mmoja umenyooka.

"Hii barabara. Mpaka Lodwar masaa matatu, mashimo tupu. Hii ndege. Dakika ishirini na tano. Dhahabu inaenda juu, makarao na ving'ora vyao wanabaki chini wakikula vumbi."

Dhahabu ilikuwa ya tajiri mmoja, imevushwa mpakani Nadapal usiku, na sasa ililala Kakuma chini ya mlinzi mmoja.

"Rubani ako tayari," alisema Duale, mwenye bastola. "Viti viwili."

Nyadak, dereva wao, aliinua macho. "Na mimi?"

"Wewe toa mbuzi uwanjani, ndege ishuke. Ukishatuleta hapo, kimbiza gari na barabara, makarao wakufuate wewe," Marial alisema. "Tutaonana Lodwar."

Tutaonana Lodwar. Maneno hayo hayo Marial alimwambia Pal, kaka yake Nyadak, mwaka jana. Pal yuko Lodwar mpaka leo, gerezani, na Marial hajampelekea hata kipande cha sabuni. Safari hii, Nyadak aliamua, Marial hatafaidi tena.

"Sawa, bosi," alisema.

Saa tatu. Marial aliona gunia nyuma ya pikapu.

"Hiyo nini?"

"Chakula ya mbuzi."

Marial alicheka. Mtu wa mipango mikubwa hana habari na mbuzi. Lakini Kakuma nzima inajua kwamba ndege haitui mpaka gari lipite uwanjani kuwafukuza, na Nyadak alikwenda peke yake kuifanya kazi hiyo. Gunia lilirudi tupu.

Saa nne kasoro dakika tano. Duale alimtwanga mlinzi wa tajiri kwa kitako cha bastola. Sanduku la dhahabu likaingia garini, Nyadak akakanyaga mafuta. King'ora kikaanza kulia nyuma yao.

Saa nne kamili. Uwanja ulikuwa umejaa mbuzi. Mamia yao, vichwa chini, wakitafuna maganda ya mgunga yaliyomwagwa kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho. Marial aliunyoosha mkono hadi kwenye usukani wa Nyadak, akapiga honi mpaka ukamuuma. Hakuna mbuzi aliyejali.

Ndege ilishuka, ikaona, ikapaa. Ikazunguka mara moja tu, kisha ikageuza pua kwenda Lodwar.

"Endesha!" Marial alifoka.

Nyadak alizima gari, akachomoa ufunguo na kuutupa katikati ya mbuzi.

"Nitakupasua!" Duale alimwekea bastola shavuni.

"Pasua. Halafu ubebe hiyo sanduku kwa miguu."

Polisi walikuwa wameshawazunguka.

Saa nne unusu, wote watatu walikuwa wamefungwa pingu nyuma ya Landikruza ya polisi, wakirushwarushwa na mashimo ya barabara ya Lodwar.

"Kwa nini, Nyadak?" Marial aliuliza. "Wewe pia umeshikwa."

Nyadak alitema vumbi, akamtazama usoni bila kupepesa.

"Si ulisema tutaonana Lodwar? Basi twende wote. Masaa matatu."