Kibuyu Kimoja, Mapatano Mawili

— Kunywa basi, dada! Watu wanangojea, — Dusabimana, kaka ya Verdiane, alisema, meno yote inje.

Verdiane alikuwa amepiga magoti mbele ya Apollinaire, kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, mukononi, murija karibu na mudomo. Akivuta kidogo, halafu amupatie huyu kijana wa Butembo anayefanya biashara Mweso, posa imekubaliwa. Siku aliyoiota. Lakini nyuma yake jirani yao, Papa Evode, alimunong'oneza mwenzake kwa sauti ya kilevi, ile ambayo kijiji kizima cha Nyabiondo kinaisikia:

— Akivuta tu, na shamba ya marehemu njo imekwisha kuuzwa.

Verdiane aliondoa mudomo kwenye murija.

— Shamba gani, Papa Evode?

Mzee akaanza kuangalia kuku.

Asiyejua mambo ya kwetu asikie. Shamba la urithi haliuzwi kwa karatasi peke yake. Warithi wote wanakunywa kibuyu kimoja mbele ya majirani. Dusabimana alisinya akti, ile karatasi ya kuuzisha, peke yake. Alikosa mudomo wa dada yake. Basi akapanga pombe ya posa ikuwe pia pombe ya shamba, mashahidi wale wale! Milima hii imetutoka namna hiyo tangu zamani. Mukoloni alikuja na karatasi. Wakubwa wa Zaire wakakuja na karatasi. Leo karatasi inatoka mufukoni mwa ndugu wa tumbo moja.

— Dusabimana, umeuzisha shamba ya Papa?

— Mutoto mwanamuke anaolewa, anaenda. Kilima ni ya nini kwake?

— Sheria inasema mutoto ni mutoto. Ulimuuzishia nani?

— Si ni shemeji huyu! Inabaki mu familia.

Macho ya Verdiane yalirudi polepole kwa Apollinaire.

— Weye njo ulinunua?

— Cheri, nisikilize...

— Usiniite cheri. Ulinunua?

— Nilinunua. Dusabimana alisema utakubali, tukioana utasinya.

— Na miye hukuniuliza! — Akachomoa simu, akasoma message za Apollinaire mbele ya wote: "Umekula? Umelala? Ninakuota." — Shamba iko wapi mu message hii?

Watu walicheka. Apollinaire hakucheka.

— Niliogopa. Ungewaza nakutafuta sababu ya shamba.

— Na sasa ninawaza nini?

— Sijui.

— Hata miye sijui! Nikikunywa, nimekupata na Mama amekosa fasi ya kulima. Nikikataa, Mama amebaki na shamba na miye nimekukosa. Mumenifunga miguu yote mbili, halafu munasema nicheze!

Tantine Kavuo, shangazi ya Apollinaire, alikohoa. Yeye njo alikuwa mukubwa wa ujumbe wa posa, na pochi yake ilikuwa na ile akti.

— Binti, utakuwa bibi yake. Chako ni chake. Kunywa twende, barabara ya Mweso iko na matope.

— Na chake, Tantine, ni changu?

— Eh! Si unaolewa?

— Basi kesho niuzishe duka yake ya Mweso bila kumuuliza.

Kicheko kililipuka mupaka jikoni. Apollinaire alisimama.

— Tantine, nipe akti.

— Uko na wazimu? Bila shamba, hakuna ndoa. Sisi tunaenda!

— Muende.

Apollinaire alichukua karatasi kwenye pochi ya Tantine, akaipasua mbele ya mashahidi. Dusabimana aliruka:

— Shemeji! Nimeshanunua pikipiki!

— Uzisha pikipiki unirudishie. Ile njo ya kwako peke yako.

Gari ya Tantine ilishuka kilima kwa hasira. Apollinaire akabaki na suti yake mupya, bila hata ndugu mumoja.

— Sasa utakunywa?

Verdiane aliangalia vipande vya karatasi. Huyu alipasua kwa upendo, ao kwa haya ya watu? Akamukabizi Papa Evode kibuyu.

— Hii imeharibika na maneno. Mukunywe nyinyi. Mama, iko ingine?

— Iko mu mutungi, — Mama alijibu toka jikoni, — lakini haijaiva. Mupaka kesho kutwa.

— Atangoja.

— Atalala wapi?

— Kwa Papa Evode, mwenye mudomo.

Mama alitoka na jembe, akaliweka mukononi mwa kijana.

— Vua viatu, mukwe. Maharagi ya shamba ile iko na majani mingi ya kung'oa.

— Mama, usimuite mukwe bado!

— Basi nimuite nani?

 Verdiane akaingia ndani kutafuta jembe la pili.