Galoni Mbili Zisizosomwa

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda juu ya ukuta wa gereji, Sindano alifungua stoo ya oili. Alifagia kwanza, kisha akapangusa galoni moja moja kwa kitambaa kikavu, kwa sababu mama yake hakupenda mtu ashike kitu kinachoteleza. Jina la Sindano alipewa na mafundi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwembamba, na mkono wake uliweza kupita katikati ya mabomba ya injini kuokota nati iliyodondokea ndani. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini hapa gereji hata mama yake alilisahau.

Stoo ilikuwa chumba kidogo chenye rafu tatu na dirisha lililotazama uwanja wa kazi. Oili ilitolewa kupitia dirisha hilo, na ilitolewa kwa utaratibu mmoja tu. Sindano alishika galoni, akasoma kwa sauti maandishi yaliyokuwa juu yake, namba na herufi zinazoonyesha uzito wa oili. Mama, akiwa kwenye gari na kitabu cha gari mkononi, alisikiliza, akalinganisha, ndipo akajibu, "Lete!" au "Siyo hiyo, rudisha!" Siku zote aliyeshika galoni ndiye aliyeanza kusoma. Mafundi wa gereji za jirani, waliomwita mama yake Mama Spana, waliwacheka. "Mama Spana amefungua darasa la kwanza," walisema. Mama alicheka nao, kisha akaendelea na utaratibu wake.

Jumamosi hiyo, saa mbili asubuhi, gari jeusi liliingia getini polepole, kana kwamba linaogopa kukanyaga vumbi. Lilikuwa refu, linang'aa hadi chini ya milango, na injini yake haikusikika. Gereji ilizoea pikapu zilizobonyea na teksi zinazokohoa. Bonge, mtoto wa mama mdogo wa Sindano, ambaye alikuwa akijifunza ufundi, aliachia spana ikamwangukia mguuni.

"Mama Mkubwa," alisema huku akirukaruka kwa mguu mmoja, "hili limepotea njia."

Dereva alishuka. Alikuwa mtu mzima, na shati lake jeupe lilikuwa limenyooshwa kwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikasimama.

"Fundi yuko wapi?"

"Unazungumza naye," mama alijibu.

Dereva alimtazama mama, akatazama ovaroli yake, kisha akatazama saa. "Gereji yetu imefungwa leo, na gari linaonyesha kwenye kioo kidogo cha dashibodi kwamba linataka oili mpya. Mwenye teksi mmoja ndiye aliyenielekeza hapa. Saa nne lazima niwe barabarani. Bosi ananisubiri ng'ambo ya milima." Akashusha sauti. "Nikueleze ukweli, mama. Bosi amekubali kwa shingo upande. Ukilitengeneza vizuri, magari yote saba ya ofisi yatakuja kwako. Ukiliharibu, hakuna atakayekukumbuka kwa jema."

Sindano alisikia kila neno kutoka dirishani. Magari saba! Alimwona mama akivuta pumzi ndefu.

"Kitabu cha gari kipo?" mama aliuliza.

"Kitabu cha nini tena? Litie ile oili ya bei kubwa kuliko zote."

"Na iwe nzito," Bonge alidakia. "Gari kubwa, oili nzito."

"Wewe Bonge, ukiugua humeza dawa yako au humeza dawa ya bei kubwa?" mama alimuuliza. "Injini ya gari hili ina vijia vyembamba mno. Inataka oili nyepesi, inayofika juu upesi mara tu injini inapowaka. Ukitia nzito, inachelewa, na vyuma vinasuguana vikiwa vikavu. Kwenye mlima mrefu, hilo si jambo la kuchezea. Oili nzito ni ya lori kuukuu kama lile pale. Hata hivyo sibahatishi. Naomba kitabu, kaka."

Dereva alikitoa kitabu kwenye kisanduku cha mbele huku akiguna. Kazi ikaanza. Mama aliingia chini ya gari, akafungua boliti, oili ya zamani ikamwagika kwenye beseni, nyeusi tii. Dereva hakutulia hata kidogo. Alikwenda getini, akarudi, akachungulia chini ya gari, akauliza, "Bado?" Baada ya dakika tatu aliuliza tena. Wasiwasi wake uliwaambukiza wote. Bonge alianza kutembea kwa kukimbia, na mama, ambaye kwa kawaida hakuinua sauti, alipaza sauti mara tu alipoiona namba kwenye kitabu alichokishika kwa vidole vyenye mafuta.

"Sindano! Sifuri, dabliu, ishirini! Galoni mbili, haraka!"

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, mama ndiye aliyetangulia kutaja.

Wiki iliyopita Sindano alikuwa amepanga rafu upya kwa rangi ili stoo ipendeze. Galoni za rangi ya dhahabu, za oili nzito na za oili nyepesi, alizikusanya mahali pamoja. Macho yake yakiwa bado kwenye lile gari jeusi, alinyoosha mkono, akashika galoni mbili za dhahabu, akajibu kama mwangwi, "Sifuri, dabliu, ishirini!"

"Lete!"

Bonge alizipokea dirishani akaondoka nazo. Alimimina yeye, kwa sababu mama alikuwa amerudi chini ya gari kuhakikisha boliti haivuji. Kisha injini ikawashwa, ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba, na kile kioo cha dashibodi kikaonyesha kwamba oili imejaa. Kwa mara ya kwanza Dereva alitabasamu. Alimpigia bosi simu hapohapo.

"Bosi, huyu mama ni fundi hasa!"

Sindano alikwenda kuokota galoni tupu. Alipoinua ya kwanza, macho yake yaliangukia maandishi. Ishirini, dabliu, hamsini. Akaigeuza upande wa pili, labda upande huo ungesema jambo jingine. Ishirini, dabliu, hamsini. Alikimbilia stoo. Pale kwenye rafu, galoni za sifuri, dabliu, ishirini zilikuwa zimekaa, zote zimefungwa.

"Kaka Bonge," alinong'ona dirishani. "Umetia oili ya lile lori."

Bonge alitazama galoni, akabadilika rangi. "Ndiyo maana ilishuka kama uji! Mimi nikadhani ndio uzuri wake." Aliangaza huku na huku. "Sikiliza. Nyamaza. Gari limewaka, si limewaka? Oili ni oili."

"Mama amesema..."

"Mama Mkubwa amesema mengi. Unataka ayakose magari saba kwa sababu yako?"

Sindano alitoka hata hivyo. Alimkuta mama akiagana na Dereva, akamvuta mkono wa ovaroli. "Mama..." Lakini mama, akiwa na furaha aliyokuwa hajaiona kwa siku nyingi, alimwekea mkono begani. "Na huyu ndiye mtunza stoo wangu," alimwambia Dereva. Dereva akampa Sindano mkono kama mtu mzima. Sindano akaupokea, akaacha alichotaka kusema.

"Napita pale kituo cha mafuta kwenye kona, najaza, naondoka," Dereva alisema. Gari likatoka getini bila kelele.

Sindano alirudi stoo, akafagia mahali alipokuwa amekwisha kufagia. Alikaa juu ya ndoo, akasimama. Alihesabu vitambaa, akasahau idadi, akaanza tena. Nje, mama alikuwa akiimba kwa sauti ya chini huku akikusanya spana zake, na wimbo ule ulimchoma kuliko kelele yoyote. Alilifikiria lile gari likipanda mlima wa kwanza, kisha wa pili. Alimfikiria Dereva kando ya barabara, shati jeupe likiwa na jasho, boneti iko wazi. Magari saba yasingekuja hata hivyo. Ila watu wangesema Mama Spana ndiye aliyeliua gari lile, na mama asingejua hata sababu yake.

Alipiga moyo konde. Alichukua galoni tupu, akakimbia mpaka mbele ya mama, akamwekea mikononi.

"Mama, sikusoma. Nilikujibu tu. Ni hii imetiwa kwenye gari."

Wimbo ulikatika. Mama alisoma maandishi, mara moja tu. Sindano alijikunyata akisubiri kupigiwa kelele, lakini mama aliuliza kitu kimoja.

"Ameelekea kituo cha mafuta?"

"Ndiyo."

"Twende!"

Walitoka mbio, Bonge nyuma yao akihema kama pampu. Kwenye kituo kulikuwa na foleni, na hiyo ndiyo iliyowaokoa. Dereva alikuwa ndio kwanza amefunga tangi, ameketi, kidole kikielekea kitufe cha kuwashia. Mama alisimama mbele ya gari, mikono yote miwili juu ya boneti.

"Usiwashe, kaka! Tafadhali usiwashe!"

Watu wote waligeuka. Dereva alishusha kioo. "Kuna nini tena?"

"Nimekutilia oili isiyo ya gari hili," mama alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Kosa ni la gereji yangu."

Sindano alikuwa nyuma ya mama, na angeweza kubaki hapo. Alitoka. "Ni mimi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Mimi ndiye niliyetoa galoni bila kusoma."

"Mtoto!" Dereva alishuka kwa hasira. "Gari la thamani yote hii mnamwachia mtoto? Na mimi nimeshamsifia fundi kwa bosi! Sasa nitamwambia nini?" Alishika simu, akapiga, akaeleza yote bila kuficha neno. Sauti ya bosi, ya mwanamke mtu mzima, ilisikika hadi nje ya simu.

"Limeharibika?"

Dereva alimtazama mama. "Halijaharibika," mama alisema. "Limewaka dakika chache tu, tena mahali tambarare. Tunamwaga ile, tunabadilisha filta, tunatia inayotakiwa. Lisiwashwe tena mpaka hapo."

"Na wewe ulijuaje kwamba wamekosea?" bosi aliuliza.

Dereva alisita kidogo. "Wamenifuata mbio wao wenyewe."

Sindano alimsogelea Dereva ili asikie jibu.

"Basi nitasubiri," bosi alisema.

Walilisukuma gari hadi gereji, mama upande mmoja, Dereva kwenye usukani, Bonge na vijana wawili wa kituo nyuma. "Gari la kifahari," Bonge alilalama, jasho likimtiririka, "linasukumwa kama mkokoteni wa viazi!" Hata Dereva alishindwa kuzuia kicheko.

Safari hii hakuna aliyeharakishwa. Mama alifungua kitabu, akanyamaza kimya kabisa. Sindano alishika galoni ya kwanza kwa mikono miwili, akasoma kila herufi na kila namba, hata maandishi madogo ya chini. Dereva mwenyewe alisogea, akafuatisha kwa kidole kwenye ukurasa. Mama alisubiri mpaka mwisho, ndipo akasema, "Lete." Walifanya vivyo hivyo kwa galoni ya pili. Saa tano kasoro, gari jeusi liliondoka. Dereva hakuahidi kitu. Alisema tu, "Kwaherini," akafunga kioo.

Mchana ulikuwa mrefu. Kila simu ilipolia Sindano alishtuka. Ilipofika saa kumi jioni, mama aliipokea moja, akasikiliza, akasema, "Ndiyo... Ndiyo... Asante, kaka." Aliiweka mfukoni taratibu.

"Amefika salama. Bosi anauliza kama Jumatano tutakuwa wazi. Analeta gari moja kwanza, aone."

"Moja tu?" Bonge aliuliza.

"Moja linatosha kuanzia."

Mama alikwenda kwenye bomba kunawa grisi, na Sindano akamfuata, akamshikia sabuni.

"Mama, umenikasirikia?"

"Nilikasirika pale nilipoisoma ile galoni. Tulipofika kwenye kona, hasira ilikuwa imeniisha." Mama alijisugua viganja. "Leo tumekosea wawili, mwanangu. Mimi niliharakishwa nikakutajia kabla hujasoma, nikakupa jibu mdomoni. Na wewe ukalirudisha bila kuangalia ulichoshika. Dereva alidhani ubaya ni kumpa kazi mtoto. Hata mzee wa miaka sitini angetoa galoni ileile kama angejibu bila kusoma. Usiseme umeangalia kitu ambacho hukukiangalia, kiwe cha gereji, cha shule, au cha nyumbani."

"Na Kaka Bonge alisema ninyamaze."

"Bonge nitaongea naye. Na wewe ulinyamaza kidogo, au siyo?"

Sindano aliinamisha kichwa. "Niliogopa magari saba yasije."

"Najua. Hata mimi niliyataka, mpaka nikaanza kuimba." Mama alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Lakini ungeniambia kesho, ningeweza kufanya nini? Umeniambia gari likiwa bado kwenye kona, ndiyo maana tulihitaji beseni na filta tu. Ukikosea, njoo useme mapema, hata kama sauti inatetemeka, hata kama nina furaha na hutaki kuniharibia. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Mama alifunga bomba, akajifuta mikono, akamwangalia usoni. "Halafu tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni. Nenda ukale."

Sindano hakujua kwamba alikuwa na njaa mpaka aliposikia hivyo. Alikula sahani mbili.