Sauti ya Kyesun Imekuwa Upepo

Jamani, Kyesun alikuwa na hasira! Anauza dagaa wakavu sokoni Tongyeong, mji wa pwani huko Korea. Zamani ulimsikia kabla hujamwona. Lakini tangu apasuliwe tezi ya shingo, akifungua mdomo unatoka upepo. Mteja anauliza, hasikii jibu, anapita.

Mumewe, Manshik, alimpikia supu ya mwani kila asubuhi na kumletea sokoni. Ndiyo supu ya kumrudishia mgonjwa nguvu. Kyesun akinywa, anakohoa mpaka machozi.

"Supu yangu mbaya?" Manshik akafoka. "Na mbona unaninong'oneza? Umenuna?"

Kyesun akapiga meza, dagaa wakaruka. Hana hata sauti ya kugombana, halafu anaambiwa amenuna!

Pilnam wa meza ya jirani, mpinzani wake wa siku zote, akacheka. "Leo dagaa wanajitangaza wenyewe, mama Hyejin?"

Kyesun akapiga funda la supu ili amjibu. Likampalia. Akawa mwekundu, akakohoa, akashika meza.

Kicheko kikamkauka Pilnam. Akamwinamisha mpaka kikohozi kikatulia. Kisha akashusha skafu yake. Kovu, shingoni!

"Na mimi nilipasuliwa," akasema. "Nikawa hivihivi. Ni neva ya sauti imeumia. Maji yanapita njia ya hewa."

"Mbona hukuniambia?" Kyesun akanong'ona kwa ukali.

"Uliniuliza lini? Sisi tunatukanana tu!"

"Daktari alisema tusubiri," Manshik akadakia.

"Alisema msubiri. Alisema msirudi kupimwa? We baba Hyejin, mpeleke!"

Wakaenda. Daktari wa koo akapitisha kamera ndogo puani.

"Nyuzi za sauti ziko mbili," akasema. "Wako mmoja haufungi. Neva iliumia kwenye upasuaji."

"Mbona hamkunieleza mapema?"

"Ulipaswa kuelezwa. Una haki ya kukasirika. Neva inaweza kupona yenyewe kwa miezi, lakini si lazima ukae unapaliwa tu. Tutakuchoma sindano ya kuusogeza uzi huo katikati. Mwalimu wa sauti atakufundisha mazoezi. Kunywa kidogokidogo, kidevu chini. Supu iwe nzito. Usilazimishe kelele, wala usinong'one kutwa. Na pumzi ikibana au ikipiga mluzi, njoo hospitali saa hiyohiyo!"

Manshik akainamisha kichwa. "Nami nilikuwa nakumiminia supu nyepesi kila siku," akasema.

"Na kunifokea," Kyesun akaongeza.

Akachomwa sindano. Akafanya mazoezi nyumbani, huku amekasirika. Sauti ikarudi kwa vipande: kwanza ya kukwaruza, halafu nene.

Asubuhi moja Manshik akateremsha boksi la dagaa, akaliweka kwenye sakafu iliyolowa maji.

"Wewe Manshik! Dagaa wakavu unawaweka kwenye maji?"

Soko zima likageuka. Manshik akabaki ameinama, machozi yanamlengalenga.

"Hebu rudia," akasema.

"Nirudie nini? Nyanyua boksi!"